Uzi maalumu: Taa na skrini za LED kwenye sherehe. Kamati, ma-MC na mafundi tukutane hapa

Mwanga_Dar

Wakuu, heshima kwenu. Shughuli yangu ni kukodisha na kufunga taa na skrini za LED: harusi, sendofu, mikutano ya kampuni, mikesha ya injili, matamasha ya wazi. Nipo Dar, na mikoani naenda mradi lori limelipiwa.

Msimu wa harusi ukianza simu huwa ni ile ile. "Una skrini kubwa?" Ninayo. "Bei gani?" Naitaja. "Punguza." Yameisha hapo. Hakuna anayeuliza itakaa wapi, itakula umeme wa nani, wala nani atakaa nyuma yake usiku kucha. Nawaambieni, sherehe nyingi zinazoharibika upande wa taa na picha haziharibiki kwa ubovu wa vifaa. Zinaharibika kwa hayo matatu.

Nianze na skrini. Hii ni ukuta wa paneli zinazounganishwa moja baada ya nyingine. Paneli za kukodisha zilizozoeleka ni nusu mita kwa nusu mita, kila moja kama kilo 8. Ukimsikia fundi anasema "P3.9" au "P2.6", anataja umbali kwa milimita kutoka nukta moja ya taa hadi inayofuata. Namba ikishuka, nukta zinabanana, picha inakuwa safi na bei inapanda. Kanuni yetu ya kazini: hiyo namba ichukulie kuwa ndizo mita ambazo mgeni wa karibu zaidi awe mbali na skrini. P3.9, meza ya kwanza iwe mita 4 hivi. Kama ukumbini kwenu meza ya kwanza ipo mita 8, kulipia P2.6 ni kuchoma michango ya watu.

Halafu ukubwa. Kamati zinapenda sana "nne kwa tatu". Paneli 48, inasikika vizuri kikaoni. Lakini video zote siku hizi, za kamera na za laptopu, ni pana: 16 kwa 9. Ukiiweka kwenye skrini ya mita 4 kwa 3, picha inajaa upana wote na kimo chake kinaishia mita 2.25. Robo ya skrini mliyoilipia inabaki nyeusi, au fundi anaivuta picha na bwana harusi anarefuka shingo. Chukua 4.5 kwa 2.5: paneli 45, pungufu ya zile 48, na picha inakaa karibu bila pengo, tena ni kubwa zaidi. Mara nyingi nikilieleza hili mwenyekiti wa kamati anahisi nataka kumpunja.

Jambo la mwisho kwa leo, ndani na nje si kitu kimoja. Skrini ya ndani ikitolewa nje saa tisa mchana inakufa, jua linaizima mbele ya macho yenu. Za nje zina mwangaza mara nne au tano ya hizo, na zimezibwa zisiingize maji. Kama sherehe ni ya bustanini na bajeti ni ya skrini ya ndani, panga ratiba ili video zianze saa moja usiku. Hapa kwetu jua halicheleweshi mtu.

Taa nitazigusa baadaye. Karibuni kwa maswali.

Mkulima wa Nyanya

Nimewahi siti ya mbele. Endelea mkuu.

Mama Kamati

Asante kaka kwa uzi. Mimi ni katibu wa kamati, harusi ya mdogo wangu, wageni 350, ukumbi wa ndani. Mtoa huduma mmoja ametupa bei ya "fulu paketi": skrini, taa 24, moshi, fataki na wingu. Mwingine anasema projekta inatosha, pesa ibaki kwenye chakula. Wajumbe wamegawanyika. Ni ipi ya kushika?

Mwanga_Dar

Dada, projekta si dhambi. Inataka kitu kimoja tu ambacho harusi haiwezi kuipa: giza. Projekta ya lumeni 5,000 kwenye ukumbi uliozimwa taa inatoa picha nzuri kabisa. Lakini mpambaji amewasha taa za mapambo, mpiga video amewasha zake, MC anataka awaone wageni. Picha inafifia, na atakayepita mbele kuelekea msosi anaweka kichwa chake katikati. Kama mnachotaka ni onyesho moja la dakika kumi la picha za maharusi, kodi projekta, zimeni taa, malizeni. Kama mnataka wageni wa nyuma waone kila kinachoendelea mbele mubashara, kodi LED.

Hiyo fulu paketi ichambue. Taa 24 za nini? Mwulize zile za usoni ni ngapi. Mpangilio wangu wa pesa ya taa ni huu na siubadilishi: kwanza nyuso za watu, pili kuta na mapambo, mwisho kabisa mabimu, zile taa za mwale mwembamba zinazozunguka. Wengi wanaanzia mwisho kwa sababu mabimu ndiyo yanayoonekana kwenye klipu za Instagram.

Moshi: bila moshi bimu halionekani hewani, linaonekana doa tu ukutani. Kwa hiyo anayekuuzia mabimu bila mashine ya moshi anakuuzia nusu ya kazi. Lakini uliza ukumbi kwanza, maana hoteli nyingi zina vihisi vya moto na kengele ikilia katikati ya keki hamtanisahau. Wingu la kucheza muziki wa kwanza ni kitu kingine, lile ni zito, linakaa chini miguuni. Na fataki baridi zinaitwa baridi, ila zile ni punje za madini zinazowaka. Shela la bibi harusi na vitambaa vya mpambaji vikae mbali nazo.

KameraMbili

Hapo kwenye nyuso ndipo nilipokuwa napasubiri. Mimi ni mpiga video na nina kinyongo na watu wa taa, niseme ukweli. Mnatupiga zambarau usoni usiku mzima! Bibi harusi kakaa kwa mpambaji wa uso tangu asubuhi, anaingia ukumbini anageuka rangi ya biringanya. Baadaye familia inaniuliza mimi, "mbona picha ziko hivi?" Ile rangi ya bluu kali ya LED hakuna programu ya kuitoa kwenye ngozi, nimejaribu zote.

Tunachoomba ni kidogo sana. Taa nne za rangi ya joto, ule weupe wa manjano wa balbu za zamani, mbele ya meza ya maharusi, mbili kila upande, juu kiasi ili zishuke kwa mshazari. Ukiziweka chini miguuni watu wanakuwa mizimu, ukiziweka juu kabisa ya kichwa macho yanaingia shimoni. Hizo nne msiziguse usiku kucha. Huko nyuma na ukutani pigeni bluu, zambarau, kijani, chochote roho inapenda.

Na leza, jamani. Leza ikipiga kwenye lenzi inachoma kihisi cha kamera, unabaki na mstari wa kudumu. Kwenye macho ya watu ndiyo usiseme.

Mwanga_Dar

Mkuu umeongea haki tupu. Kuna wateja pia wanakuja na picha kutoka simuni: "nataka kama hii", na hiyo picha ni ya klabu. Ila na nyinyi mna lenu: mnaacha spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) hovyo halafu mnasema skrini yetu ina mistari.

KameraMbili

Mistari mingine ni yenu! Paneli za bei rahisi zinajionyesha upya mara 1,920 kwa sekunde, nzuri ni 3,840. Za kwanza jicho halioni tofauti, kamera inaona. Kwa umeme wetu wa 50 Hz mimi naweka shata 1/50 na mara nyingi inatulia. Kitu kingine ni yale mawimbi ya ajabu yanayocheza kwenye skrini ikiwa nyuma ya maharusi. Dawa yake ni kuwasogeza maharusi mbele mita 2 au 3 kutoka kwenye skrini, ili nikilenga nyuso, nukta za nyuma zififie. Na tafadhali, skrini iliyo nyuma ya watu ishusheni mwangaza hadi asilimia 30. Ikiwa juu, watu wanakuwa vivuli.

Fundi Fezi

Naona watu mnashangilia rangi, ngoja niwarudishe kwenye umeme. Mimi ni fundi umeme, naitwa kwenye kumbi baada ya mambo kuharibika.

Hesabu ya skrini aliyoitaja mtoa mada, ile ya 4.5 kwa 2.5, ni mita za mraba 11 na kidogo. Ikiwaka nyeupe yote inaweza kuvuta wati 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba, soma nyuma ya paneli imeandikwa. Hapo una karibu kilowati 8. Kwa video za kawaida inavuta kama theluthi ya hiyo, lakini waya haupimwi kwa video za kawaida. Soketi ya ukutani ya ampea 13 mwisho wake ni kama kilowati 3. Sasa niambieni, kwa nini nakuta skrini nzima imechomekwa kwenye ekstensheni moja, na hiyo hiyo imebeba friji ya vinywaji? Skrini ichukue umeme kutoka kwenye bodi, ikiwa na kikata umeme chake. Tena paneli ziwashwe kwa mafungu. Ukiziwasha zote kwa mpigo, mvuto wa mara ya kwanza unaangusha kikata umeme hata kama hesabu yako ilikuwa sawa.

Jenereta. Watu wanasikia "kVA 30" wanafikiri ni kilowati 30. Zidisha kwa 0.8, unapata 24. Kama ni ya fezi tatu, yaani njia tatu za umeme, kila fezi ina kilowati 8. Yaani skrini hiyo peke yake inaweza kumaliza fezi moja. Mwanga fezi ya pili, muziki fezi ya tatu, na jikoni watafute jenereta yao. Spika zikichanganywa na taa fezi moja ndipo mnaposikia ule mlio wa nyuki.

La hatari zaidi ni nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Kwenye fezi tatu, nyutro ikilegea au ikikatika, vifaa vya 230 vinaweza kupata hadi karibu volti 400. Nimeona pawasaplai za skrini nzima zikiondoka ndani ya sekunde, na harufu yake haisahauliki. Kabla hujaunganisha kifaa chochote, pima volti kila fezi kwa nyutro, kaza skrubu ya nyutro kwa mkono wako mwenyewe, usimwamini aliyekwambia "nimeshakaza". Na ule waya wa kijani na njano uende ardhini kweli, kwenye nondo ya shaba iliyopigwa udongoni. Trasi, ile fremu ya kufungia taa, ni chuma kinachoshikwa na watoto.

Kijana wa Kariakoo

Wakuu mimi nataka kuingia kwenye hii biashara. Nimepata mtu Shenzhen, China, anauza paneli 60 P3.9 zilizotumika, bei ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Nivute?

Msumari

Ngoja kwanza mdogo wangu. Tunakodisha Arusha na Moshi, hili tumelipitia na wenzetu wengi wamelia.

Moja, muulize paneli 60 ni za uzao mmoja? LED za viwanda, hata kiwanda kile kile, zikitoka mafungu tofauti zinatofautiana rangi. Ukizipanga unapata ukuta wa viraka, nyeupe hii inaelekea waridi, ile inaelekea kijani. Ndiyo maana vipande vya akiba vinanunuliwa siku hiyo hiyo pamoja na skrini. Mwaka kesho hutavipata vya rangi hiyo.

Mbili, paneli peke yake ni mzigo. Unahitaji prosesa, kile kifaa kinachogawa picha kwenye paneli, na prosesa ina kikomo. Tundu moja la kebo ya mtandao linabeba kama pikseli 650,000. Ile 4.5 kwa 2.5 ya mtoa mada kwa P3.9 ina pikseli 1,152 kwa 640, piga hesabu, ni zaidi ya 737,000. Matundu mawili hayo. Halafu kebo za umeme na za data, vyuma vya kuning'inizia, masanduku ya magurudumu (bila masanduku kona za paneli zinapasuka safari ya pili), pawasaplai za akiba, kadi za akiba za kupokea picha ndani ya paneli.

Tatu, na hili wengi hawalijui: dai faili la mpangilio la zile paneli. Kadi ya kupokea ikifa ukaweka mpya bila faili, paneli inaonyesha uji. Muuzaji akishakula hela yake, kulipata hilo faili ni kazi ya miezi.

Mwambie aziwashe zote, nyeupe yote, halafu nyekundu, kijani, bluu, umwangalie kwa video huku akipita nayo karibu. Akikutumia picha tu, achana naye.

BintiNyali

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, twafanya taa na skrini kwa harusi za wanawake. Nimeona mwazungumza kamera, nikaona niseme ya kwetu, maana ni tofauti.

Siku ya kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi harusi, ukumbi ni wa wanawake watupu. Simu zakusanywa mlangoni, na wafanyakazi wote ni wanawake, kuanzia kamera hadi mwenye kuendesha taa. Wanaume wetu huja asubuhi kubeba na kufunga, wakimaliza hutoka kabla wageni hawajaanza kuingia. Kwa hivyo fundi wa kike awe ajua skrini sawasawa, si wa kushika rimoti tu. Ikizima paneli moja usiku, hakuna mwanamume wa kumwita ndani. Sisi data huizungusha: kebo yatoka prosesa yapita paneli zote na kurudi prosesa upande wa pili. Ikikatika mahali, picha yaendelea kutoka upande mwingine na wageni hawajui lolote.

Picha ya skrini haiendi kwenye intaneti wala hairekodiwi bila ruhusa ya mamake bibi harusi. Kadi ya kamera hukabidhiwa yeye usiku ule ule, mkononi. Tukiwa na akdi msikitini, hapo ni kinyume: wanaume wako huko, wanawake wako ukumbini, nao huiona nikahi mubashara kwenye skrini. Sauti ndiyo muhimu pale. Picha ikikwama kidogo watavumilia, wakikosa kumsikia bwana harusi akikubali, hutoki salama.

Na chumvi ya bahari, jamani. Pini za paneli zaota kutu huku. Twazipangusa kila zirudipo stoo na masanduku yakaa na vifuko vya kunyonya unyevu.

Mama Kamati

Dada Nyali nimependa hapo kwenye kadi ya kamera, nalipeleka kikaoni hata kama sisi harusi yetu ni ya mchanganyiko.

Mwanga_Dar

Hilo la kuzungusha data lichukueni wote. Halina gharama kubwa, ni kebo chache za ziada.

Niongeze usalama wa vitu kuanguka, maana huo hakuna aliyeugusa. Paneli 45 kwa kilo 8 ni kilo 360 kabla hujaweka vyuma. Julai 2022 kule Hong Kong skrini ilikatika kutoka juu katikati ya tamasha ikaangukia wacheza shoo, mmoja akaumia vibaya sana. Ndani ya ukumbi mimi naisimamisha chini, naiegemeza kwenye miguu yake na mizigo nyuma. Dari la jipsamu halining'inizwi kitu, hata mwenye ukumbi akisema "wenzako huwa wananing'iniza". Nje kuna upepo, na skrini ni tanga. Ukiona upepo wa pwani umeanza na fundi wako hajashusha skrini, sogeza viti vya wazee.

Kwenye trasi kila taa iwe na kamba ya chuma ya akiba. Kibano kikilegea, taa ibaki inaning'inia, isimfikie mtu kichwani.

Mkulima wa Nyanya

Mimi swali langu ni dogo. Kwa nini kila harusi video ya maharusi lazima igome? Yaani lazima.

Msumari

😂 Kwa sababu inaletwa na binamu, saa tatu usiku, kwenye flashi yenye virusi. Au imetumwa WhatsApp ikabanwa, ikifika kwenye skrini ya mita 4 ni matofali. Itumeni kama dokumenti, au iletwe kwenye flashi siku moja kabla, MP4 ya kawaida. Video ya simu iliyosimama wima nayo jueni itakaa katikati kama mlango, hakuna uchawi wa kuipanua.

KameraMbili

Na sauti yake! Laptopu ya skrini inaunganishwa na mikisa ya DJ kwa kebo, mapema. Msishikilie maiki kwenye spika ya laptopu mbele ya wageni 350.

Fundi Fezi

Kebo ya HDMI nayo ikipita mita 15 inaanza vituko. Kutoka kamera ya nyuma ya ukumbi tumieni kebo za SDI au faiba, hizo zinafika mbali.

Kijana wa Kariakoo

Na taa zinaongozwaje? Nimeona meza ya swichi nyingi, nikaogopa.

Mwanga_Dar

Kwa DMX, mfumo wa kuamrisha taa kwa kebo, wa tangu 1986 na bado unadunda. Kebo moja ina chaneli 512. Bimu la kawaida linakula chaneli 16, kwa hiyo kebo moja inabeba mabimu 32. Kila taa unaipa anwani yake. Ya kwanza 1, ya pili 17, ya tatu 33, unaendelea hivyo. Taa mbili zikiwa na anwani moja zitafanya kitu kile kile, wakati mwingine ndicho unachotaka. Taa zikianza kutetemeka zenyewe, usilaumu meza: mara nyingi mtu ametumia kebo ya maiki badala ya ya DMX, au mwisho wa mstari hakuna kizibo cha omu 120. Anza na taa nane za PAR (zile za kawaida zisizozunguka) na meza ndogo. Ukiweza kumwangazia mtu uso vizuri kwa hizo nane, mabimu utajifunza kwa wiki.

Mama Kamati

Wakuu, tumetoka kikaoni. Fulu paketi imekataliwa. Tumekubaliana skrini ya 4.5 kwa 2.5, taa za usoni, na mabimu manane tu. Mwenyekiti bado anataka skrini ikae nyuma ya maharusi, mpambaji anasema hapo ni pake. Na bei mbona hakuna anayeitaja humu?

Mwanga_Dar

Bei washindani wangu wote wamo humu dada, njoo inboksi 😂. Ila huwa tunatoza kwa mita ya mraba kwa siku, na usafiri na mafundi vinahesabiwa pembeni, kwa hiyo unapolinganisha bei mbili uliza kila moja imejumuisha nini.

Mpambaji ana haki. Nyuma ya maharusi skrini itaua mapambo yenu na itampa KameraMbili homa. Iwekeni pembeni, upande wa kushoto au kulia wa meza kuu, chini yake ianzie mita 1.2 juu ya sakafu ili wageni waliokaa nyuma waione juu ya vichwa vya wenzao. Kwa wageni 350 ukumbi ukiwa mrefu, afadhali mbili ndogo pande zote kuliko moja kubwa.

Nitumie urefu, upana na kimo cha dari cha ukumbi, milango ipo wapi, lori linafika hadi umbali gani. Na umwombe mlinzi akufungulie bodi ya umeme uipige picha ikiwa wazi, mlango umefunguliwa, namba za vikata umeme zisomeke.

Mama Kamati

Nipo ukumbini kesho saa nne asubuhi. Bodi wanasema imefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo yupo safari.

Fundi Fezi

Basi msilipe advansi ya ukumbi hadi arudi.